Alama Niliyoipa Karatasi C

Jina lake nililiona kwenye orodha ya walioitwa kwa mahojiano ya kazi, Jumatatu asubuhi, nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Nilikiweka mezani nikaisoma orodha mara ya pili, kisha ya tatu. Watu wanne, naye alikuwa wa pili. Chai ilipoa nikaimwaga, na siku ile nzima nilifanya kazi nikiimba kwa sauti ya chini, mpaka mwenzangu wa ofisini akaniuliza kama kwetu kuna harusi. Nikamwambia hapana, nimeamka vizuri tu.

Ofisi yetu hapa Kasongo inagawa mashine za kukoboa mpunga kwa vyama vya akina mama wakulima, kuanzia vijiji vya jirani hadi Kabambare, Wamaza na njia ya Salamabila. Lori linaibeba mashine mpaka barabara inapolishinda, kisha mashine inafunguliwa na kupakiwa vipande vipande kwenye pikipiki. Ikifika kijijini lazima iwe na karatasi yake: namna ya kuiwasha, kuilisha mpunga, kukaza kisu, kubadilisha mkanda. Kuandika karatasi hizo ndiyo kazi yangu. Mwaka huo vyama viliongezeka nikalemewa, na mkuu wa ofisi akaamua tutafute mwandishi wa pili. Tukawa waamuzi watatu: yeye mkuu, mtu mtaratibu kutoka Kindu anayependa fomu kuliko chakula; fundi wetu wa mashine, mzee ambaye hasomi haraka lakini hasomi kitu mara moja tu; na mimi.

Kabla ya kuanza, mkuu alitupa fomu ya kutia saini. Iliuliza kama yeyote kati yetu ana undugu na mmoja wa wale wanne. Fundi alicheka, akasema kwa Kasongo swali kama hilo lingejaza daftari zima. Mimi nilisoma fomu juu mpaka chini. Ilikuwa inauliza undugu. Kuhusu chuki haikuuliza neno. Nikaandika "hapana" kwa mwandiko mzuri, nikatia saini.

Sasa niseme alichonifanyia yule wa pili kwenye orodha, maana bila hilo mtaniona mwanamke mwenye roho mbaya tu. Roho mbaya ninayo, lakini haikuja yenyewe.

Miaka tisa nyuma nilikuwa nafanya kazi katika mradi mwingine wa mashine hizi hizi, mradi ambao umekwisha na ofisi yake sasa ni ghala la mafuta ya mawese. Yeye ndiye aliyekuwa shefu wangu, mkubwa wangu wa kazi. Alikuwa mtu wa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, na katika muda wote niliokaa chini yake sikumwona hata siku moja akigusa mashine. Mimi alinituma Wamaza. Nilikaa kule wiki tatu, pembeni ya mashine, pamoja na akina mama ambao wengi wao hawakujua kusoma. Mmoja ndiye aliyekuwa akiwasomea wengine, nao wanatenda. Niliona haraka kwamba karatasi za kiwandani haziwafai. Zilisema "kaza mkanda ipasavyo", na ukimwambia mtu ipasavyo hujamwambia kitu.

Nikatengeneza njia yangu. Kila hatua iwe na tendo moja tu, na kila hatua iishe kwa ishara ambayo jicho, sikio au mkono utaitambua. Funga mkanda; ubonyeze kwa kidole gumba; ukizama kiasi cha ukucha, umefunga vizuri. Washa mashine ikiwa tupu. Subiri mpaka sauti iwe moja, isiyopanda wala kushuka. Hapo ndipo uanze kumimina mpunga. Yule mama aliyekuwa akisoma aliisoma, wenzake wakatenda, na mchele ukatoka mzima. Nilirudi Kasongo kwa pikipiki nikiwa na matope mpaka mapajani na furaha ambayo sikujua niiweke wapi.

Karatasi ilipotoka kuchapwa, jina lililokuwa chini yake ni lake. Hilo ningelimeza, katika ofisi nyingi ndivyo ilivyo, shefu anatia saini na wewe unashukuru kwa mshahara. Lakini alikuwa ameingiza mkono wake ndani pia. Mstari wa nne alikuwa ameuandika upya: jaza mpunga kwenye kinywa cha mashine, kisha washa. Nilikwenda mezani kwake nikamwambia kwamba ukijaza kwanza, mashine inaamka na mzigo, mkanda unateleza na kuungua. Akanijibu kwa upole, kama anavyojibiwa mtoto, kwamba hata jikoni chakula kinatiwa kwenye sufuria kabla ya kuwasha moto. Nikajiambia kimoyomoyo kwamba mtu huyu hajawahi kusonga bukari katika maisha yake, maana unga unangoja maji yachemke. Nilipaswa kulisema kwa sauti. Sikulisema, na hilo nalo linaniuma.

Karatasi zikaenda hivyo hivyo. Mikanda ikaanza kuungua, na katika kijiji kimoja ng'ambo ya Wamaza mkanda ulikatika ukamchapa mama mmoja mkononi, ukamchana kutoka kiwiko mpaka karibu na kifundo cha mkono. Msimu mzima hakuweza kushika jembe. Uchunguzi ulipokuja, shefu wangu, ambaye jina lake lilikuwa chini ya karatasi, alisema yeye alitia saini tu, mwandishi ni mimi. Na katika ripoti yake akaandika maneno ambayo ningeweza kuyasoma nikiwa usingizini: Hana umakini. Asikabidhiwe tena kazi yoyote ya kuandika.

Nilifukuzwa. Hata hilo si baya kuliko yote. Baya ni kwamba kaka yake yule mama aliyeumia alikuja mpaka nyumbani kwetu kuuliza kwa nini niliandika uongo, na baba yangu, mzee wa watu, aliyeheshimiwa msikitini na sokoni, alimkaribisha mgeni ndani akamwomba radhi kwa niaba yangu. Nilimwambia baba kwamba kosa si langu. Alinisikiliza, akasema ameamini, lakini radhi ilikuwa imekwisha kuombwa, na baba alifariki bila mtu yeyote kuja kumrudishia.

Nililima karanga upande wa Lusangi kwa miaka kadhaa. Nilisali, na nikiri kwamba mara nyingi nilipoinua mikono kuomba dua nilikuwa namwombea yeye, na si heri. Wakati huo nilikuwa nasikia habari zake: anaitwa Kindu kufundisha watu namna ya kuandikia vijiji, na anachofundisha ni njia yangu, tendo moja na ishara yake, ambayo alikuwa ameipa jina la Kifaransa. Kisha ofisi hii ilipokuja Kasongo, mkuu alifika Wamaza, na akina mama wa kule wakamwambia wanamtaka yule dada aliyekaa nao pembeni ya mashine. Ndivyo nilivyorudi kazini. Na sasa yeye hana kazi, miradi yake imefungwa, na analeta barua ya kuomba kazi kwangu.

Mahojiano yalikuwa Jumatano. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mwema, anayejibu kila swali kwa kurudia swali lenyewe. Kisha akaingia yeye. Shati lilikuwa jeupe bado, ila kola imeliwa. Aliwasalimu wenzangu, akanigeukia mimi, akatabasamu, akamwambia mkuu:

"Huyu mama, mimi njo nilimufundisha kazi. Naona sasa iko vizuri."

Mkuu akanitazama kwa furaha, kama mtu aliyegundua kwamba wageni wake wanafahamiana. Mimi, kwa heshima ya kumwita baba, nikasema ndiyo, papa, kwako nilijifunza mengi. Sauti yangu ilitoka laini mpaka mimi mwenyewe nikaiogopa. Alizungumza dakika ishirini, Kifaransa juu ya Kifaransa, na mkuu alikuwa akiandika kila kitu. Mimi kwenye karatasi yangu nilikuwa nachora ukucha.

Wa tatu alikuwa binti kutoka Wamaza, kati ya miaka ishirini na thelathini, aliyekuja siku mbili kwa pikipiki na kwa miguu pale madaraja yalipokuwa yamekatika. Majibu yake yalikuwa mafupi mpaka mkuu akawa anasubiri mengine ambayo hayakuja. Tulipomuuliza kama ana swali, aliuliza moja: mtu anayesomewa karatasi, anasomewa mashine ikiwa mbele yake, ao mashine ikiwa haijafika bado? Fundi aliinua kichwa. Mimi nilimpenda pale pale, na nikajisemea kwamba kiti hiki ni chake. Wa nne alikuja, akaondoka, hata sura yake siikumbuki.

Mchana ulikuwa mtihani wa kuandika. Wote wanne walisimama uani kumwangalia fundi akiwasha mashine na kukoboa, mara mbili, bila maelezo. Kisha wakaketi kuandika, kwa Kiswahili, karatasi ya chama ambacho hakijawahi kuiona mashine. Mkuu, kwa kupenda kwake utaratibu, aliagiza katibu azipige zote kwenye kompyuta, ili tusitambue mwandiko wa mtu, na kila moja ipewe herufi. Majina yakafungwa kwenye bahasha. Kila mwamuzi atoe alama kwa ishirini, peke yake, na aandike sababu. Atakayepata chini ya kumi kwa mwamuzi yeyote anaondolewa, hata wengine wakimpenda vipi. Karatasi itakayoshinda itasomwa kesho yake uani, mbele ya wote, kwa mtu asiyejua mashine, naye atende anachosikia.

Nilijifungia kwenye chumba cha stoo na karatasi nne. Nilikuwa na lengo moja tu. Kuajiri mtu lilikuwa jambo la baadaye. Nilichotaka ni kuipata karatasi yake kati ya zile nne na kuizika.

A na D nilizipita haraka, zote zikiwa na kosa hapa na pale. B ilikuwa na lugha nzuri inayotiririka. Niliisoma nikiwa na pupa ya kufika nyingine, macho yanateleza tu juu ya maneno, na nikaamua kwamba hii ni ya binti wa Wamaza, kwa sababu nilitaka iwe nzuri na iwe yake. Nikaipa kumi na tano. Kisha nikafungua C.

Funga mkanda. Ubonyeze kwa kidole gumba. Ukizama kiasi cha ukucha, umefunga vizuri.

Mistari mitatu ile nilikuwa nimeitunga mimi, nimechuchumaa kwenye maganda ya mpunga, na mtu mmoja tu hapa duniani alikuwa amezunguka nayo miaka tisa akiiita yake. Ana ujasiri gani huyu, kuja kuniuzia mimi ukucha wangu? Sikusoma mstari wa nne wala mwingine wowote. Nilishika kalamu nikaandika sita. Na mahali pa sababu, nilikaa kidogo, nikatabasamu peke yangu katikati ya mikanda na makopo ya grisi, nikaandika: Hana umakini.

Niseme kweli, nilijisikia vizuri. Nilitoka stoo nikaenda kununua ndizi za kuchoma, nikala mbili nikiwa nimesimama, na zilikuwa tamu. Jioni niliporudi nyumbani nilimwambia baba, kimoyomoyo, kwamba mambo yake yameshughulikiwa.

Asubuhi mkuu alijumlisha. Aliyetangulia alikuwa B, kwa alama za mkuu na zangu, maana fundi alikuwa amempa kumi tu; wa pili A. C alikuwa na alama kubwa kwa mkuu, na kwa fundi kubwa zaidi, lakini ile sita yangu ilikuwa imemtoa. Mkuu alinitazama juu ya miwani. Nikamwambia nimeandika sababu. Akageuza ukurasa, maana sababu ipo na fomu imejazwa.

Wote wanne waliitwa uani. Katibu alisimama na karatasi B. Mtendaji wetu alikuwa mama anayeuza mihogo ya kuchemsha mbele ya lango, ambaye mashine ile alikuwa akiisikia kila siku lakini hajawahi kuigusa. Fundi alisimama karibu, mkono wake kwenye kifungio cha mafuta. Mambo ya mkanda yalipita. Kisha katibu akasoma kwa sauti yake nzuri ya kanisani: jaza mpunga kwenye kinywa cha mashine mpaka nusu, kisha washa.

Masikio yalinisimama. Mama wa mihogo alikuwa tayari anamimina. Akamwamuru fundi azungushe mkono wa kuwashia, fundi akanitazama mimi mara moja, akazungusha. Mashine ilikohoa, ikashika, ikaguna, na mkanda ukaanza kuteleza juu ya gurudumu. Harufu ya mpira unaoungua ikatufikia kabla ya moshi. Fundi akafunga mafuta, akamvuta yule mama kando, na kila kitu kikasimama isipokuwa moshi mweusi unaopanda taratibu mbele ya shati jeupe.

Nilijua B ni ya nani kabla bahasha haijafunguliwa. Miaka tisa, mkanda umechana mkono wa mtu, na bado hajajifunza kitu. Na aibu hiyo inampata mbele ya watu wote, kwa mkono wake mwenyewe, mimi sijasogeza hata kidole. Roho yangu ilisuuzika. Nilikuwa natafuta namna ya kutocheka wakati wazo la pili liliponifikia, nalo lilikuja polepole, maana sikulitaka: kama B ni yake, C ni ya nani?

Mkuu akafungua bahasha. B alikuwa yeye, naye akaanza kusema kwamba mashine hii si ya aina aliyoizoea. A alikuwa mwalimu. C alikuwa binti wa Wamaza.

Kisha mkuu akaeleza, kwa sauti ile ile ya kusoma taratibu, kwamba B imeshindwa, kwa hiyo tunakwenda kwa A, na kwamba C iliondolewa kwa alama ya mwamuzi mmoja. Binti alianza kukunja kitenge alichokuwa amekalia. Mimi nilisimama pale nikipiga hesabu, na siifichi hesabu hiyo. Kisasi nilikuwa nimekwisha kukipata, bila gharama. Mwalimu ni mtu mwema, atajifunza. Hakuna aliyejua kilichotokea stoo. Nikikaa kimya, kesho nitaamka na heshima yangu yote, na yeye atakwenda zake na harufu ya mpira kwenye shati. Nikaamua kukaa kimya. Hilo niliamua kabisa.

Lakini fomu ilimtaka mkuu asome na sababu pia. Akasoma: "Hana umakini."

Binti aliacha kukunja kitenge. Hakulia wala hakupandisha sauti. "Ni mustari gani, shefu? Muniambie mustari wenye nilikosa, nijue."

Mkuu akanigeukia. Fundi akanigeukia. Na mimi, mwandishi wa karatasi za chama, niliyekaa miaka nikilia kwamba nilihukumiwa na mtu ambaye hakusoma, nilifungua mdomo kutafuta mstari. Sikuwa nao. Kwa karatasi nzima nilikuwa nimesoma mistari mitatu, na yote mitatu ilikuwa sahihi.

"Hakuna mstari," nikasema. "Sikuisoma. Nilidhani ni ya huyu papa, nikaiua."

Mama wa mihogo akaweka ungo wake chini. Niliwaeleza mengine yote hapo hapo, mradi wa zamani, ripoti, mkono wa yule mama, baba yangu na radhi yake. Nilieleza vibaya, maneno yakigongana, na mkuu alikuwa akivua miwani na kuivaa tena. Nilipomaliza, kabla mkuu hajasema kitu, yule bwana alisogea mbele. Na hapa ndipo nilipojua kwamba hata ningeishi mara mbili nisingeweza kumsamehe. Alinyoosha mkono kumwonyesha binti, akawaambia wenzangu:

"Munaona? Hata mutoto wa Wamaza anaandika na njia yangu."

Binti ndiye aliyemjibu, kwa heshima, akimwita papa. Alisema njia ile aliijifunza kwa karatasi iliyopigiliwa kwenye kibanda cha mashine ya chama chao, alikuwa akiwasomea mama yake na wenzake tangu yuko shuleni. Karatasi ilikuwa nzuri, ila mustari wa ine, ule wa nne, ulikuwa unaunguza mikanda, kwa hiyo wamama waliufuta na makaa, wakamwambia aandike pembeni ile waliyoambiwaka na dada aliyekaa nao zamani.

Sikumbuki kupanga maneno. Yalitoka yenyewe, na kwa mara ya kwanza mbele ya mtu yule yalitoka yamenyooka.

"Ile karatasi ni yangu, papa. Mustari wa ine tu njo wako. Na leo umeuandika tena."

Fundi alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Mama wa mihogo alicheka waziwazi. Yule bwana alisema ataandika Kindu, atapeleka malalamiko, kwamba hii si namna ya kumtendea mtu wa elimu yake. Akachukua begi lake. Kutoka pale mpaka langoni ni mbali kidogo, na njia inapita pembeni ya mashine. Ilibidi apite karibu kabisa na mkanda ulioungua, na nilimtazama hatua kwa hatua mpaka alipotoka. Nilitamani baba angekuwa amekaa pale kwenye benchi. Watu huniuliza kama nimejuta kumsema hadharani mtu mzima aliyekosa kazi. Sijajuta. Akirudi kesho nitamsema tena.

Mkuu alifuta alama zangu zote, za karatasi zote nne. Zilizobaki zikamweka C juu ya wengine, karatasi yake ikasomwa kwa mama wa mihogo, mkanda mpya ukazama kiasi cha ukucha, mashine ikaamka tupu, ikatulia, mpunga ukamiminwa na mchele ukatoka mweupe, mzima. Binti akapata kazi. Mimi nikapata barua ya onyo, nikatia saini kwa mwandiko ule ule mzuri, na nikaambiwa kwamba katika ofisi hii sitakaa tena kumwamua mtu. Mkuu hakunigombeza. Alisema tu kwamba angenipa nafasi ya kueleza habari za mtu yule siku ya kwanza kabisa, kama ningeomba, na kwamba sikuomba. Hilo lilinichoma kuliko kugombezwa.

Meza ya binti iliwekwa mbele ya yangu. Kila asubuhi aliniamkia, "Jambo mama," kwa adabu isiyo na kasoro, na kila karatasi aliyoiandika aliipeleka kwa fundi. Mzee yule alikaa nayo nusu siku, akifuata maneno kwa kidole cheusi, huku mimi, ambaye ningeisoma kwa dakika kumi, niko hatua tatu kutoka kwake. Mwezi wa kwanza ulipita hivyo, na wa pili. Nilikuwa nikimsikia akimsomea fundi sentensi zake kwa sauti ya chini, nikijua mahali zinapolegea, nikiuma ulimi.

Siku moja, baada ya chakula cha mchana, aliinuka akaweka karatasi mbele yangu. Ilikuwa C, nakala ile ile ya katibu, na juu yake kwa kalamu yangu sita, na chini ya sita yale maneno mawili.

"Uisome, mama," akasema. "Yote."

Akabaki amesimama. Nikaisoma, kutoka mstari wa kwanza mpaka wa kumi na moja, polepole kama fundi. Ule wa nne ulikuwa safi. Mstari wa saba ulikuwa na kasoro: haukumwambia anayetoa pumba asimame upande gani, na akisimama upande wa mkanda anaweza kuumia. Nikamwonyesha. Alitafakari, akasema ni kweli, akauandika upya pale pale pembeni. Mistari mingine sikuwa na la kuongeza, na miwili ningetamani ningekuwa nimeiandika mimi. Nikachukua kalamu, nikaandika pembeni ya sita, kumi na saba.

Aliitazama. Akanikumbusha, kwa adabu yake ile ile, kwamba alama zangu zilifutwa siku ile na haziko tena kwenye hesabu ya mtu yeyote. Kisha akaichukua karatasi akarudi mezani kwake.